Tulipokwenda Kuuliza kwa Nini Shamba la Pareto Limemwacha Mume Wangu

Siku ile kibarazani kwa Bwana tulikuwa sita. Mume wangu, mchochea moto wa jiko la kukaushia maua ya pareto. Mimi mkewe, ndoa haijatimiza mwaka. Wifi yangu, dada yake mkubwa, aliyeshuka na basi la Iringa juzi yake kuja kuona kama mdogo wake nampikia vizuri. Mshenga wetu, Msafwa kama mimi, aliyetuoza, na ndiye huyohuyo aliyempeleka mume wangu kuomba kazi pale shambani. Halafu Bwana mwenyewe, mzungu mwenye shamba, na karani wake wa kumtafsiria. Wa saba, mke wa Bwana, alitokea katikati. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa, ila wameacha wajukuu hapa Mbeya, basi nayameza.

Chanzo ni neno. Jana yake mume wangu alirudi mchana, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nimeachishwa."

"Umeachishwa nini, ziwa?" wifi akauliza.

"Kazi, dada. Karani anasema sikufukuzwa, nimeachishwa. Mwezi ukiisha tutoke na kwenye nyumba."

Hapo mimi sikucheka. Nyumba ilikuwa ya shamba, na nilikuwa na mimba.

Sasa, sisi neno hilo tulilijua kwa mambo mawili tu: mtoto anaachishwa ziwa, mke anaachwa. Ziwa halikuwepo. Basi mdogo wake wifi ameachwa! Na mtu akiachwa, ndugu hawakai kimya, wanamchukua mshenga wanakwenda kuuliza kosa. Wifi akaniambia nibebe na kuku, maana ukweni huendi mikono mitupu.

Mshenga akaanza kama anavyoanza siku zote. "Bwana, mtoto wetu tulikuletea mzima. Leo tunasikia umemwacha. Alikutukana?"

Karani akatafsiri, sijui alitafsiri nini. Bwana akatikisa kichwa.

"Alilewa?"

"Hapana."

"Aliunguza pareto?"

"Hapana. Mtu mzuri sana."

Wifi akaruka. "Mtu mzuri sana! Sasa anaachwaje?"

"Mama, hana kosa," karani akasema. "Kazi yake ndiyo imekwisha. Imekuja mashine inawaka yenyewe kwa mafuta, haitaki mtu wa kuni."

Wifi akapiga makofi. "Kumbe! Si mngesema tu Bwana ameoa mke mdogo!"

"Basi imekuwa rahisi," mshenga akasema. "Mke mkubwa hatoki kwa sababu mdogo ameingia. Tena wachochea moto wako watatu, wawili wamekuja juzi tu. Mbona anatoka aliyetangulia kuingia?"

Kabla Bwana hajajibu, mlango ukafunguka. Mke wa Bwana, ambaye tulidhani Kiswahili chake kinaishia "lete chai", amesimama na uma wa chakula mkononi.

"Mke mdogo nani?"

Karani akaangalia dari. Bwana akawa mwekundu kama nyanya.

"Yuko wapi?"

"Yuko jikoni kwenye pareto, memsahibu," wifi akamjibu kwa heshima zote. "Amekuja wiki hii. Anakunywa mafuta."

Tukaongozana wote mpaka kwenye jiko, memsahibu mbele na uma wake, Bwana nyuma akijieleza kwa Kiingereza, kuku akilia kwapani mwangu. Bwana akaiwasha mashine aonyeshe ukweli. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikazimika. Akaipiga teke, wapi! Na pareto mbichi imejaa kwenye chekecheke za kukaushia. Mume wangu akainama akaanza kupanga kuni.

"Mke mdogo hajui kupika," wifi akasema.

Memsahibu akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Akamwambia mumewe maneno, karani akatutafsiria: huyu asitoke, aitunze mashine mpaka ipate akili, na wale wawili wahamie kuchuma maua. Mtoto wangu wa kwanza nikamzalia katika nyumba ileile.

Karani naye hakuthubutu tena kusema "kuachishwa". Akawa anasema "kupunguzwa", na mpishi wa Bwana, mtu mnene, aliposikia hivyo akaacha kula siku tatu.

Mjukuu wangu anayeajiri watu huko ofisini ananiambia kumpa mtu sababu na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi ni sheria. Sisi tulidhani ni ndoa.

Kama yupo mtoto wa karani yule au wa mshenga anayesoma hapa, na baba yake alimsimulia vingine, labda ule haukuwa uma bali kijiko, au mashine ilizimika mara mbili, aje aninyooshe. Sitakasirika.