Siku Niliyobebwa Isongole

Nilipokuwa kidato cha tatu nilijiona sihitaji mtu. Baba alikwishafariki, mama alikuwa Mbeya akiuza nguo za mitumba, nami niliishi na bibi huko Isongole. Nilijipikia, nilijifulia, na kila alfajiri nilikimbia peke yangu kwenye njia za mlima Rungwe. Nilikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na katika wilaya yetu hakukuwa na msichana aliyenishinda.

Mwalimu wetu wa michezo, mtu wa Tabora aliyepangiwa kazi kwetu, alinionya mara nyingi. "Usipande mlimani peke yako. Nenda na wenzako."

"Wenzangu wananichelewesha, mwalimu."

Asubuhi moja ya mvua, nikiteremka kwa kasi, nilikanyaga jiwe lenye utelezi. Niliusikia mfupa wa mguu ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Nikaanza kutambaa kwenye matope bila kupiga kelele, kwa sababu kupiga kelele kulikuwa ni kuomba, na kuomba sikujua.

Walioniona ni wanawake sita waliokuwa wakichimba viazi shamba la chini. Lori la mnunuzi lilikuwa likiwasubiri barabara ya lami, na viazi vyao vilikuwa bado vimetapakaa kwenye matuta, havijatiwa magunia. Waliacha majembe pale pale. Mmoja akakata mianzi miwili, wengine wakavua khanga zao za juu wakazifunga katikati, ikawa machela.

"Naweza kutembea," nilisema.

"Tumekuona unavyoweza," alijibu mkubwa wao, mama mwenye mvi na Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kinyakyusa. Hakuwa akitania.

Waliniinua. Kwa aibu nikawa najisukuma juu kwa viwiko, nikidhani nawapunguzia uzito. Machela ikayumba.

"Mwanangu," yule mama alisema bila kugeuka, "ukijibeba unatuelemea. Lala."

Nikalala. Hapo ndipo nilipoanza kuwaona.

Njia ile niliyoangukia mimi, tena na viatu, wao waliishuka peku. Wanne walibeba, wawili walitembea kando. Mmoja alipochoka hakusema neno. Aliyekuwa kando aliingiza bega chini ya mwanzi, yule akatoka, na mimi juu sikuhisi hata mtikisiko. Walipumua pamoja, polepole, kama watu wanaojua mwendo bado ni mrefu. Mvua iliwapiga usoni na waliobeba hawakuwa na mkono wa kujifuta. Mama mwenye mvi hakupokelewa hata mara moja. Nilikuwa nimesifiwa sana kwa miguu yangu, lakini nguvu ya namna ile sikuwahi kuiona. Niliwatazama mpaka nikasahau maumivu.

Tulipofika barabarani, dereva wa lori aliuliza viazi viko wapi.

"Viko shambani," mama alimjibu. "Mpeleke huyu kwanza."

Dereva akaniweka mbele, akanipeleka hospitali Tukuyu. Kabla hajawasha gari niliwaambia, "Ndaga fijo," yaani asanteni sana. Sidhani kama walinisikia. Walikuwa wameshageuka kupanda, migongo imelowa.

Nilifungwa plasta. Wiki zile bibi aliniogesha kama mtoto mchanga, na nililia kwa hasira mpaka nikazoea. Plasta ilipotolewa, mwalimu alinionyesha mazoezi ya kuunyoosha mguu. Kuyafanya kulikuwa juu yangu. Hakuna aliyeweza kuumia kwa niaba yangu, na hilo pia nililielewa.

Mwaka uliofuata nilikimbia mashindano ya mkoa, nikawa wa pili. Aliyenishinda alikuwa bora kuliko mimi. Tukiwa bado uwanjani, mwalimu aliniuliza nina mpango gani wa kujiandaa na mbio zinazofuata. Zamani ningekuwa na jibu tayari.

"Sijui, mwalimu," nilimwambia. "Naomba unisaidie."