Nilimwachisha Mama Dawa kwa Haya Zangu

Kosa ni langu peke yangu, na sitaki mtu aje kunitetea. Nilimwachisha mama yangu mzazi dawa aliyoandikiwa na daktari, na nusura nimpoteze. Jina langu nimelificha kwa sababu Ukunda ni ndogo na mama bado ana wateja.

Nikwambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Nina shahada. Shahada yenyewe ni ya sosholojia, lakini nilikuwa naitumia kana kwamba ni ya kila kitu. Sijawahi kuambiwa jambo nikalikubali papo hapo. Imamu akitangaza kuwa mwezi umeandama, mimi nauliza umeonwa na nani, na macho yake yalipimwa lini. Wanasiasa, wauza dawa, watabiri wa hali ya hewa, wote niliwahoji pale kijiweni, na wenzangu wakatikisa vichwa. Nilidhani wanatikisa kwa kukubali.

Mama ni fundi wa cherehani, anashona madera na sare za shule. Umri wake unakaribia hamsini. Alianza kubadilika. Joto lilikuwa likimpanda ghafla, anaacha nguo chini ya sindano na kukimbilia kujimwagia maji. Usingizi ukampotea. Siku moja alikata kitambaa cha bibi harusi kinyume, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akakaa kwenye kiti chake akalia.

Dada yangu, aliyeolewa Msambweni, alinipigia simu. Akasema hayo ni mambo ya umri, hedhi inapokaribia kukatika, na kwamba yana dawa. Yeye ana kichanga, kwa hiyo mimi ndiye nimpeleke mama kwa daktari.

Nilimpeleka. Daktari, mama mmoja mpole, alinikaribisha na mimi niingie nisikie. Nikasema nitangoja nje. Mambo ya wanawake yale! Nikakaa kwenye benchi nikisoma simuni jinsi kampuni za dawa zinavyotudanganya, na wakati huo huo, nyuma ya mlango, mama alikuwa akielezwa kwa nini anapewa dawa mbili na si moja.

Alitoka na jeli ya kupaka mkononi asubuhi, na tembe za kumeza anapokwenda kulala. Homoni zote mbili. Daktari alikuwa amemtajia na aina nyingine, za kumeza zilizochanganywa na za kubandika kwenye ngozi, lakini kwa kuwa mama ana presha wakakubaliana juu ya hizo.

Zikamfaa. Lile joto lilitulia, mikasi ikarudi kumtii. Ila tembe zilikuwa zinamlevya kidogo, na asubuhi moja akalalamika kwamba amepitwa na sala ya alfajiri. Alisema tu, kama mtu anavyosema mchele umepanda bei. Mimi nikasikia naitwa kazini.

Nikaingia mtandaoni. Nikasoma mpaka nikakuta kwamba mwanamke aliyeondolewa kizazi hutosheka na ile homoni ya kwanza, ya pili hana haja nayo. Nikapiga paja. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa sekondari mama alipasuliwa, na majirani wakanong'ona kuwa "ametolewa". Ametolewa nini, sikuuliza. Nilijaza mwenyewe.

Sasa nitazame. Mama yuko chumba cha pili anapiga pasi. Swali ni moja tu: mama, bado una kizazi? Mimi niliyemhoji imamu na mwezi wake, swali hilo lilinishinda. Kwetu kijana hamtamkii mamake neno kama lile. Hata Ramadhani, kwa kuwa mwanamke aliye hedhini hafungi, ukimkuta mama anakunywa maji jikoni mchana, unageuza uso na kutoka kama hukuona kitu. Na Ramadhani ya mwaka ule ule nilikuwa nimemkuta. Ningeyafikiria maji yale kwa muda wa kufumba jicho, jibu ningelipata bila kufungua mdomo. Sikuyafikiria. Nilikuwa nimegeuza uso.

Basi nikamwendea nikamwambia zile tembe hazihitaji, aache, abaki na jeli.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimesoma, mama."

"Lakini daktari alisema zinanilinda ki..."

Nikamkatiza. Niliona neno linakuja, nikaogopa kulisikia. Nikamwambia madaktari nao ni wafanyabiashara, na mgonjwa wa dawa mbili ana faida kuliko wa dawa moja. Mama akafunga pakiti akaitia kabatini. Aliniamini, mwenzangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Miezi iliyofuata nilitembea kifua mbele. Mama anaamka alfajiri, anashona, anaimba. Kijiweni nilitoa mhadhara mzima juu ya kina mama wanaolishwa dawa zisizo na kazi, nikamtolea mfano mama mmoja ninayemjua.

Kumbe mama huyo alikuwa anavuja damu. Kidogo kidogo kwanza, kisha kwa wingi, wiki inaingia wiki. Hakuniambia. Angeniambiaje? Haya nilizonazo mimi nilizirithi kwake. Alijua hedhi za umri ule huenda hovyo, akavumilia, akaacha kuvaa nguo za rangi nyeupe, akazidi kupauka. Siku alipoanguka mbele ya cherehani, mteja wake alinipigia simu, na mimi nikamjibu kwamba labda ni njaa. Ya Rabi, nisamehe.

Hospitalini walimwongeza damu. Dada alikuja na mtoto mgongoni. Daktari yule yule akauliza kuhusu tembe.

"Nilizembea mwenyewe, daktari," mama akajibu haraka.

Amelala pale, midomo imekauka, na bado ananifichia aibu. Daktari akaanza kumlaumu kwa upole, na hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema ni mimi niliyemwachisha. Akaniuliza kwa sababu gani. Nikatazama sakafu.

"Nilidhani mama hana kizazi."

Dada akajifunika uso kwa leso, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

"Nani alikwambia sina?" mama akauliza.

Nikautaja ule upasuaji.

"Kile kilikuwa kidole tumbo, baba. Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje, mama?"

"Kwa mdomo. Huo huo unaohoji nao watu."

Daktari alinieleza, na safari hii sikukimbilia benchi. Jeli peke yake hukuza utando wa ndani ya kizazi, na tembe ndizo zinazouzuia usinenepe. Ukiachwa unenepe unavuja damu, na baadaye unaweza kugeuka saratani. Kama tembe zilimlevya, ilitosha kurudi kumwambia, angetafuta njia nyingine. Kisha akasema atachukua kipande kidogo cha utando huo kikapimwe.

Kungoja majibu yale sikutakii. Jeli ilisimamishwa, na joto likamrudia mama kwa kisasi. Nilimsikia akizunguka uani akijipepea, na sikuwa na makala ya kumsomea. Nilikwenda kwa imamu kuomba dua. Akaniombea, wala hakunihoji.

Saratani haikuwapo, alhamdulillahi. Lakini utando ulikuwa umenenepa, lazima utibiwe, na atapimwa tena na tena. Hiyo ndiyo bei aliyolipa yeye. Yangu ni kwamba zamani mama hakuamua jambo bila kuniuliza, na sasa nikiingia chumbani akiwa anazungumza na dada kwa simu, anapunguza sauti.

Siku ya kuchagua dawa upya aliniambia niingie naye. Nikakaa kwenye kiti cha ukutani. Daktari akamwekea mbele mambo mawili: tembe za aina nyingine, au koili yenye homoni, inayowekwa ndani ya kizazi, iutibu utando na kuulinda kwa miaka kadhaa, huku akirudia jeli yake hali ikitengemaa. Mama akauliza kama inauma, kama ina ubaya wowote na presha yake, na akiona matone ya damu afanye nini. Kila alichotaka kujua alikiuliza. Kisha akanielekeza kidole bila kugeuka.

"Nipe koili. Hiyo huyu hawezi kuifikia."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka.

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu mwenye shahada na intaneti, nisikilize. Mamako akiandikiwa dawa, na akitaka uwepo, ingia ndani ukae. Neno likikutia haya, litamke ukiwa unatazama ukuta, lakini litamke. Na kama huwezi kabisa, basi dawa za mwenyewe ziache zilivyo, na wewe nenda kijiweni kahoji mwezi.