Landrova Iliyogoma Mbugani

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, mguu wake wa kushoto ameunyoosha juu ya debe lililopinduliwa, na mimi nilikuwa nageuza ufunguo. Stata ilizungusha injini kwa nguvu, lakini injini haikushika. Nikageuza tena. Haikushika.

Mguu ule ulikuwa umevimba hadi gotini. Alikanyaga kisiki kwenye jaruba la mpunga wakati wa kuamia ndege, akafunga kidonda kwa kitambaa na hakumwambia mtu. Huku kwetu mpunga ukianza kubeba punje, watu huhamia shamba. Hulala kibandani na kushinda wakipiga madebe ili ndege wasiumalize. Yeye hakutaka kuacha zamu yake. Habari zilipotufikia nyumbani Lumemo, mimi na mke wangu tulikuja na landrova ya marehemu baba, gari kuukuu la petroli ambalo bado linaweza kupita tope. Tulifika jioni, tukakubaliana kumpeleka hospitali kukipambazuka.

Kulipopambazuka alikuwa anatetemeka kwa homa, na wekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kidonda na kupita goti. Niliwahi kumwona mtu aliyechelewa hospitali akiwa na mguu wa namna hiyo. Alirudi bila mguu. Mke wangu naye alimfahamu mtu huyo.

Kati ya kibanda na barabara ya Kiberege kuna kijito. Jana yake maji yalifika kwenye magurudumu tu, lakini mvua ilinyesha usiku kucha. Jirani yetu mmoja, Msukuma mfugaji, alikuja akitokea huko, suruali imelowa hadi mapajani.

"Shikamoo mama," alimwamkia mgonjwa kwanza. Kisha akanigeukia. "Jirani, maji yanapanda. Tuta la jaruba langu la mwisho bado linaonekana. Likizama, hilo gari lako litakuwa mtumbwi."

"Ng'ombe wako wako wapi watukokote?" mke wangu aliuliza.

"Nimewapeleka juu tangu juzi, dada. Wale hawangoji ufunguo."

Nilimpigia simu kijana wa bodaboda. Alikataa hata kabla sijamaliza kueleza tulipo. Kusukuma gari hakukuwezekana, tope lilikuwa limemeza nusu ya matairi. Ilibaki betri peke yake, na betri haina huruma: kila unapogeuza ufunguo bure, inapungua.

Ningekuwa peke yangu ningeitukana ile injini. Lakini mbele ya mama mkwe mtu hutunza mdomo wake. Nikafungua boneti taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Kama gari la petroli la zamani limewahi kukugomea, nakuomba usiogope na usianze kufungua kila kitu. Jiulize maswali mawili. Petroli inafika? Moto unafika? Moto ni ile cheche inayoruka kwenye ncha ya plagi na kuichoma petroli. Unaanzia kwenye koili, inayoukuza umeme wa betri, unapita waya mnene wa katikati, unaingia kwenye distributa, na humo ndani unagawiwa kwa kila plagi kwa zamu. Ni safari fupi. Ukiifuata hatua kwa hatua, utafika mahali ulipopotelea.

Petroli ilikuwa inafika, harufu yake ilijaa puani. Basi nikatafuta moto.

Kitu cha kwanza nilichokiona chini ya boneti kilinifurahisha. Distributa ilikuwa imefungwa mfuko wa nailoni, ukakazwa kwa mpira wa baiskeli. Madereva wa bonde hili hufanya hivyo kabla ya kuvuka maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeufunga mfuko ule kijitoni na kuufungua tulipofika. Nikajua kuna mtu aliufunga tena kwa ajili ya mvua, na moyoni nikamshukuru. Hapo pakavu, nikajisemea. Tatizo liko kwingine.

Nikachomoa waya wa plagi moja, nikachomeka plagi ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini.

"Geuza," nilimwambia mke wangu.

Injini ilizunguka. Plagi haikutoa cheche hata moja.

"Basi koili imekufa," nilisema, na sauti yangu sikuipenda. Koili nyingine ilikuwa mjini Ifakara, ng'ambo ya kijito.

"Tuta limebaki kichwa tu," jirani alipaza sauti kutoka kwenye kichuguu alichopanda.

Hapo nilitaka kuanza kung'oa nyaya ovyo. Nikajizuia. Nilikuwa nimeihukumu koili bila kuipima. Nikapenyeza vidole chini ya nailoni, nikachomoa ule waya mnene kwenye distributa, nikausogeza karibu na chuma, nikaushika kwa kitambaa kilichokunjwa.

"Geuza kidogo tu."

Cheche ya bluu iliruka, na mlio wake ukasikika. Koili ilikuwa nzima! Moto ulitoka vizuri, ukaingia distributa, na haukutoka. Ulipotelea mle mle ndani ya nailoni niliyoishukuru.

Nikakata mpira na kufungua kifuniko. Ndani kulikuwa na matone, yametanda kama umande. Moto ukikuta maji haufuati njia yake, unatambaa ovyo na kufia hapo hapo.

"Nani alifunga huu mfuko?" niliuliza.

Mke wangu alimtazama mama yake. "Mimi. Jana, ulipokuwa unanawa. Mama alisema mvua itaingia."

"Na injini ilikuwa bado ya moto?"

"Ya moto kabisa. Iliniunguza kidole."

Nikaeleza kwa upole, maana aliyekuwa ananisikiliza kwa makini zaidi alikuwa mgonjwa. Nilisema ukifunika sufuria ya wali, mfuniko hulowa kwa ndani hata kama nje hakuna mvua.

"Kwa hiyo tumelipikia gari lako," alisema mama mkwe, meno yakigongana kwa homa. "Haya, mkwe, lifute."

Nilifute kwa kitu gani? Shati langu, matambara ya gari, shuka la kibandani, vyote vilikuwa vimelowa. Mama mkwe akamwonyesha binti yake ndoo yenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na kitenge chake cha kwendea kanisani, kimekunjwa, kikavu.

Nikasita. Mkono wangu ulikuwa mweusi kwa grisi.

"Unangoja padri akibariki? Futa!"

Nikafuta kifuniko, nikafuta rota inayozunguka chini yake, nikafuta nyaya moja moja, nikavipitisha juu ya makaa ya jiko hadi vikawa na joto jepesi. Kabla ya kujaribu, nilivua mkanda wa feni, kwa sababu feni ikizunguka kijitoni huyachota maji na kuyamwagia injini. Nikarudisha nailoni, lakini safari hii nikaiacha wazi kwa chini, mvuke upate pa kutokea.

"Sioni tuta!" jirani aliita. "Jirani, silioni tena!"

Nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa uchovu, ikapunguza, ikapunguza zaidi. Injini ikakohoa mara moja, ikakaribia kunyamaza, kisha ikashika.

Jirani alirukia nyuma ya gari bila kuombwa. Tuliingia kijitoni kwa gia ya chini, na sikubadilisha gia wala kuinua mguu. Maji yaliingia sakafuni. Debe likaelea, mke wangu akaupakata mguu wa mama yake. Katikati injini ilikosa moto mara kadhaa, gari likatetemeka, na nikasikia mama mkwe akisali kwa Kipogoro, kwa sauti ya chini sana. Halafu pua ya gari ikainuka.

Sasa nililazimika kufanya jambo nililoliogopa kuliko yote. Bila mkanda, injini ingechemka kabla ya kufika mjini. Nikaizima. Nikarudisha mkanda huku vidole vikiteleza, jirani akinishikia spana na, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hana utani.

Iliwaka kwa mguso wa kwanza.

Hospitalini Ifakara walimpokea kwa machela. Mimi nilibaki nje, nimeegemea gari, nikitazama mlango. Mke wangu alitoka jua likiwa limeshapanda, macho yamemvimba.

"Wameosha, wamemtundikia dripu," alisema. "Daktari anasema mguu unabaki."

Nikaketi chini pale pale, kwenye kokoto, naye akaketi kando yangu.