Saa Tatu ya Yaya

Uvira mtu akikwambia saa tatu, anamaanisha asubuhi, chai imekwisha kunywewa na watoto wako shuleni. Lakini ripoti za shirika letu zinaandikwa kwa Kifaransa, na aliyechapa maelezo ya yaya, katibu wetu, baada ya ajali ya boti aliiandika tatu kama alivyoisikia. Wakubwa wa Bukavu wakaisoma kwa saa zao za ofisini, za kuhesabu toka usiku wa manane. Saa tatu ya usiku wa manane hakuna katibu aliye kazini, wakasema, basi ni ile ya mchana, ambayo sisi tungeiita saa tisa. Na boti yetu ilikuwa imeondoka Kalundu saa nne asubuhi. Kwa hiyo kwenye karatasi ilionekana kwamba yaya alimtumia bosi wetu onyo la upepo wakati boti imekwisha kupinduka.

Aliyeendesha boti ile alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alizama.

Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa desturi ya kwetu tu. Hatuna damu moja, tulikuwa na ofisi moja: yeye kwenye barua, mimi kwenye mashine. Baada ya mazishi mke wa marehemu alisema mbele ya watu wote kwamba hawezi kukaa mkeka mmoja na mtu aliyesinzia wakati mume wake anakwenda kufa. Yaya akawa anazunguka mbali asipite karibu na nyumba ya mdogo wake, kule Kasenga, kama mtu aliyeiba kuku. Niliposikia nilitaka kwenda kugombana na yule mama. Hasira ninazo, nimezaliwa nazo. Sikwenda, kwa sababu kelele zangu zisingegeuza saa.

Kitu pekee ambacho kingeweza kumwokoa ni kompyuta ndogo iliyopokea barua pepe za ofisi nzima. Ndani yake kila barua ilikaa kama faili yake peke yake, na kila faili ilibeba tarehe na saa ya kufika kwake. Bosi wetu alikuwa ameshazinakili kwenye flashi, kwa njia ile ambayo kila mtu anaijua, akazipeleka Bukavu, na flashi hiyo ikatumaliza. Faili zote zilionyesha tarehe moja, siku ile aliyozinakili. Mkaguzi wa huko alipoona barua za miaka kadhaa zimezaliwa mchana mmoja, alisema mtu angeweza kuzitunga zote jana yake. Ndani ya barua ya yaya kulikuwa na saa iliyoandikwa, ndiyo, lakini saa hiyo ilitoka kwenye kompyuta ya yaya, ambayo kila umeme ukikatika hurudi miaka ya nyuma na kujidhania bado changa. Nani angeiamini? Mkaguzi akaamua kuja mwenyewe.

Alikuja wakati mbaya. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka ndani ya ofisi yetu ya Kalundu, maji yanacheza kwenye vifundo vya miguu, na mashine nilikuwa nimeipandisha juu ya makreti ya bia. Diski yake ilikwaruza. Betri ya sola ililia ile sauti yake ya kuomba huruma. Nilijua tukikosea safari hii, hakuna nyingine.

"Mama informatique, fanya mbio," bosi alisema. "Ni copier-coller tu, tutoke mu hii mayi."

"Ile copier-coller yako njo ilituua, chef."

"Basi fungua ile barua hapa hapa, mukaguzi aione na macho yake. Kunakili iko na kazi gani?"

Akanyoosha mkono kwenye kipanya. Nikaudaka. Katika maisha yangu yote sijawahi kumkamata mkubwa wangu hivyo, na hata yeye alibaki ananitazama kama nimemtemea mate.

"Usiguse! Barua yenye haijasomwa iko na folda yake, na yenye imesomwa iko na yake. Ukifungua tu, mashine inaihamisha. Tuchukue vyote vile viko, kisha tutasoma kwa nakala."

"Weye unaogopa nini?"

"Minye naogopa mukono yako, chef."

Mkaguzi hakucheka. "Mumuache afanye," alisema.

Nikaandika amri ya kunakili. Kati ya amri inayohifadhi tarehe za zamani na ile inayozifuta kuna herufi moja ndogo. Nikaisoma kwa sauti, nikairudia, mkaguzi akafuata kwa kidole kwenye kioo. Nikabonyeza. Majina ya faili yakaanza kupita kwenye skrini, polepole mno. Yaya alisimama mlangoni na viatu mkononi, akitazama nje.

Kufika kwenye sanduku la barua za bosi, diski ikanyamaza. Majina yakasimama. Mimi si mtu wa sala nyingi, lakini pale niliomba, tena kwa kufoka, kama mtu anayemdai Mungu. Bosi alisema tuizime, tuiwashe upya. Nilimwambia akigusa tena kitu nitamsukuma majini. Betri ikalia. Kisha diski ikakwaruza, na majina yakaendelea kupita mpaka la mwisho.

Tulifungua nakala kwenye kompyuta ya mkaguzi. Tarehe zote zilikuwa mahali pake, za zamani kwa zamani, mpya kwa mpya. Mkaguzi akatafuta siku ya ajali kwenye sanduku la bosi.

"Neuf heures," alisema, tisa ya asubuhi kwa Kifaransa.

"Saa tatu," nikasema mimi. "Saa tatu yetu ya huku, vile yaya alisema."

Barua ilikuwa kwenye folda ya zisizosomwa.

Bosi alikaa juu ya kreti tupu. "Ile asubui réseau haikukuwa kwenye nilikuwa," alisema, yaani mtandao, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mkaguzi aliendelea kuandika bila kuinua kichwa.

Nilifurahi mno, siwezi kuficha. Nilipiga maji kwa mguu yakaturukia sote. "Yaya, umesikia? Leo leo tunaenda kwa muke wa marehemu. Utaingia na kichwa juu!"

Yaya aliingia, akapita nyuma yetu mpaka dirishani. Chini yake palikuwa mahali boti zinapopakilia mizigo, karibu kiasi kwamba tulikuwa tunasikia wapagazi wakitukanana.

"Saa tatu alikuwa bado hapa chini," alisema. "Nilikuwa namuona, anafunga mizigo. Nilitaka kumuita. Nikasema, apana, kazi iko na njia yake, chef njo anazuia boti. Nikaikala kwa kiti, nikaandika barua."

Nilisogea nimshike bega. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Tukifika kwa muke wake," alisema, "ile saa usiitaje."