Tangawizi Changa

Wageni wanaopanda huku Upare kutoka Same hupiga picha za ukungu na kutuambia tumejaliwa. Huwaitikia kwa adabu, moyoni nikiwaombea wateremke siku moja na mgonjwa wakati wa mvua. Zahanati tunayo. Tuliijenga wenyewe kwa msaragambo: pembe ilipigwa alfajiri, kila nyumba ikatoa mtu, na mama yangu alibeba mawe kichwani kutoka mtoni kama wenzake. Kisha wakubwa wakaja, wakakata utepe, wakala mbuzi wetu, wakaondoka. Tukabaki na kuta, nesi mmoja na kabati la dawa ambalo mara nyingi halina hata za maumivu.

Mwaka ule wa mvua nyingi mama alishikwa na tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na kila alichokunywa alikitapika. Nesi alimpapasa, akaniambia bila kuzunguka kwamba utumbo umejifunga, anatakiwa apasuliwe, na upasuaji uko Same. Nikauliza habari ya gari la wagonjwa. Akasema liko gereji. Niliolewa likiwa gereji, nikaachika likiwa gereji.

Vijana wa bodaboda walikataa, na hao sikuwalaumu. Mteremko ule ukilowa hata mzima huanguka, sembuse mtu asiyeweza kuketi. Kilichobaki ni lori la mnunuzi wa tangawizi, lililokuwa limeegeshwa sokoni.

Mnunuzi huyo ni mtu wa mjini. Hununua kwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, na hulipa kama gunia la kawaida. Nilimkuta kwenye kiti cha mbele anakula ndizi. Nikamweleza hali ya mama, akanipa pole huku akitafuna. Akasema mvua imewazuia watu kuchimba, lori halijajaa, atashuka likijaa, pengine keshokutwa.

"Mama hafiki keshokutwa," nikamwambia.

"Dada, mimi sijakataa. Gari haliteremki tupu. Lijaze, tuondoke."

Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia aliyekuwa mume wangu. Lakini shamba tulikuwa nalo. Tangawizi ya mama ilikuwa bado changa, ngozi laini, maji matupu, ya kuchimbwa miezi mingi baadaye. Nikachukua jembe. Jirani aliyeniona aliniuliza nimepatwa na wazimu gani, na nilipomwambia akakimbilia kwa mwenye pembe. Pembe ikapigwa mchana, jambo ambalo si kawaida, na watu wakatoka na majembe wakidhani kuna nyumba imeporomoka. Waliposikia ni nini, wakaingia shambani, wakalichimba kwenye matope kama wanavyochimba barabara.

Tulipomaliza, lori lilikuwa bado lina nafasi nyuma, na mnunuzi hakuwasha. Shambani ilibaki kona ya juu tu, tangawizi iliyokomaa ambayo mama huiacha ardhini iwe mbegu ya msimu unaofuata. Watu wakasimama, wakanitazama. Mpare haambiwi achimbe mbegu ya mwenzake. Nikaanza kuichimba mwenyewe, ndipo wakanifuata.

Mnunuzi alilipa bei ya kuokota. Alisema changa haina soko, na ile iliyokomaa akaihesabu humo humo pamoja na changa. Sikuwa na muda wa kubishana, naye alilijua hilo. Kiti cha mbele kilikuwa na abiria aliyekwisha kulipa, kwa hiyo mama alilazwa juu ya magunia, chini ya turubai, nami nikamkumbatia asirushwe. Kila kona alilia. Niliwalaani waliokata utepe, nikailaani barabara, nikamlaani yule abiria ambaye hakugeuka hata mara moja.

Mjini walimpasua siku ile ile. Fedha ya shamba zima iliishia kwenye dirisha la malipo, dawa, nyuzi na kitanda. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungemzika.

Mama alipopata sauti aliuliza nani amelipa. Nikamwambia ni shamba. Akauliza, kwa Kipare, kama kona ya juu ipo. Nikaanza kumnyooshea shuka. Akageuza uso ukutani.

"Mimi chumvi nimekula ya kutosha," akasema. "Ile mbegu ilikuwa ya wanao."

Nilikasirika. Nilitaka asante, hata moja. Nikamwambia ningeing'oa tena kesho, na kwa sauti kubwa kiasi kwamba nesi wa wodi akanitoa nje. Tangu hapo hatujalizungumza jambo hilo, na sijabadili neno.

Msimu wa kupanda ulipofika, yule mnunuzi alipanda na lori lake, safari hii akiuza. Mbegu, kwa bei ya mbegu. Tuliuza mbuzi wawili, tukaenda sokoni pamoja. Mama, mkono mmoja juu ya kovu, alikuwa akichagua kipande kimoja kimoja. Kimoja alikikwangua kwa ukucha, akakinusa, akakigeuza, akakaa nacho mkononi.

"Hii ni yetu," akaniambia.

Kisha akafungua fundo la khanga, akamlipa.