Punda Wangu na Simba wa Masanja

Enzi zetu, mtoto akitaka gemu alilitengeneza kwanza, ndipo akalicheza. Najua vijana wa leo wataona huo ni ushamba. Doto, mtoto wa kaka yangu Masanja, anacheza kadi kwenye simu. Ana fungu la kadi analoliongeza pole pole, na pembeni ana kadi moja ya mwenzi, wa kumsaidia akizidiwa. Mwenzi wake ni joka lenye mabawa, kalinunua kwa hela ya bando. Analiita mwanzo kabisa, linatema moto, simu inatetemeka kama ina homa, kisha anashindwa. Nilipomwambia mwenzi hachezwi hivyo, akajibu bila kuinua macho, "Shangazi, hivi vitu huvijui."

Kweli kabisa. Nitavijulia wapi, mtu wa darasa la saba?

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, miaka ya tisini, kijijini karibu na Tinde, kadi zetu zilikuwa za maboksi ya sabuni. Tuliyaokota nyuma ya duka la Baba Karim, Mhindi aliyejua matusi ya Kisukuma kuliko sisi wenyewe. Tulikata kwa wembe, tukachora wanyama kwa peni ya bluu. Masanja ndiye alikuwa mchoraji mkuu. Tembo wake alifanana na kiazi chenye mkonga, lakini nani angethubutu kusema? Kadi zilinukia sabuni siku mbili tatu, kisha zikanukia matobolwa, maana tulicheza huku tunatafuna viazi hivyo vikavu, na mikono hatukunawa.

Kila mmoja aliweka kadi moja, tukafunua pamoja. Fisi alimla mbuzi, mbuzi alimshinda kuku, kuku alimla panzi. Aliyeshinda aliichukua kadi ya mpinzani, akaiongeza kwenye fungu lake au akaitupa. Juu ya wote alikuwa tembo, mmoja kwa kila mchezaji. Aliyenyang'anywa tembo alikuwa ameshindwa, na tembo hakushindwa na yeyote bila msaada wa mwenzi.

Mwenzi alilala pembeni, uso juu, akaitwa mara moja tu katika mchezo, baada ya kadi kufunuliwa. Naye alikuwa na masharti. Simba aliua chochote, ila alidharau vidogo: ukiwa na kuku au panzi kwenye fungu lako, anakukataa. Punda hakuua mtu. Yeye alibeba mzigo: ukimwita, unaweka kadi tatu ndogo kwa pamoja, nazo zinamshinda hata tembo. Sharti lake, usifuge mla nyama.

Masanja alichukua simba kila siku. Punda alibaki kwangu, maana nilikuwa mtoto wa kuitikia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, mbina ikatangazwa Tinde: makundi mawili ya ngoma yashindane, na mchezaji wa chatu awepo. Sikuwahi kuiona. Kila mwaka mpunga ulianikwa uani, mtu mmoja alibaki kuulinda usiliwe na mbuzi na ndege, na mtu huyo, kwa bahati ya ajabu, alikuwa mimi. Mara hii mama akasema, "Mmoja atabaki. Pataneni wenyewe, sitaki kesi."

Masanja akatoa kadi. "Tucheze, Mbuke. Usije ukasema nimekuonea."

Mtu wa huruma sana, kaka yangu.

Nikampa kuku. Akamla kwa fisi. Nikampa panzi, akala. Nikampa kuku mwingine.

"Leo utalia mapema!" akasema. "Ona fungu langu lilivyonenepa."

Angeweza kuwatupa, sheria iliruhusu. Lakini Masanja hakuwa mtu wa kutupa hata ndala iliyokatika. Mimi nilibakiza mbuzi, kuku na panzi, pamoja na tembo wangu. Ndipo nikamweka tembo.

Yeye alikuwa ameweka fisi. Akaruka juu. "Simba! Simba kamuua! Kwaheri mbina!"

"Fungua fungu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Fungua fungu, kaka."

"Mayu, huyu ananisumbua!"

Mama alikuwa anapepeta. Hakusimamisha ungo. "Kama mlipatana hivyo, fungua."

Kuku wawili na panzi wakatoka. Simba akakataa, tembo wangu akamshinda fisi. Fisi nikamtupa, nisije nikamuudhi punda wangu. Masanja kwa hasira akachukua kadi bila kufikiri, nami nikaweka mbuzi. Tukafunua. Tembo wake huyo.

"Punda," nikasema, nikaongeza kuku na panzi juu ya mbuzi.

"Gemu gani hili, kuku kumshinda tembo!"

"Lenu," mama akasema. "Kesho utafukuza mbuzi."

Nilikwenda. Niliona vumbi, njuga, na chatu shingoni mwa mchezaji, watu wanarudi nyuma wanakanyagana. Kila nilipoona kitu nilijikuta nageuka pembeni kumwonyesha Masanja. Jioni nilimkuta kando ya mpunga, fimbo mkononi, amenuna.

Baada ya muda akauliza, "Chatu alikuwa mkubwa?"

Nikaanza kusimulia. Mimi, ambaye mwalimu alidhani ni bubu, niliongea mpaka ugali ukapoa. Nikamwigizia wachezaji, ungo kichwani, yeye akipiga ndoo badala ya ngoma. Alicheka mpaka akaangusha fimbo.

Sasa Masanja yuko Geita machimboni, anapiga simu sikukuu mpaka sikukuu. Juzi Doto kashindwa tena. Nikamuuliza nani kamshinda.

"Sijui, shangazi. Mtu tu." Akabonyeza, akaanza upya.

Gemu zuri, sibishi. Joka lina mabawa na moto una rangi. Ila akishindwa, aliyemshinda haendi popote, wala hakuna anayebaki na mpunga akisubiri kusimuliwa.