Korodani Tuliyoijenga Shanwe

Daktari aliyepaswa kufundisha somo la uzazi wa wanaume kwenye semina yetu alikwama Karema. Injini ya boti ilikufa ziwani, na mtu aliyekuja na lori kutoka huko alituletea ujumbe kwamba tusimsubiri. Mganga mfawidhi akaniita ofisini.

"Sista, utafundisha wewe."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa nesi mkunga, mwaka wa pili tangu nipangiwe Mpanda. Wanawake niliwajua vizuri. Wanaume niliwajua kwa majipu na malaria.

Semina yenyewe ilikuwa ya wahudumu wa afya wa vijiji, watu wazima kumi na wanane, na tulipewa darasa la shule ya msingi Shanwe kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Nilipokunjua bango la via vya uzazi vya mwanamume nikakuta mchwa wamelila. Kilichobaki ni kichwa cha habari na kibofu cha mkojo. Bango la mwanamke, lililokuwa limekunjwa pamoja nalo, halikuguswa.

"Hao mchwa watakuwa majike," alisema mama mmoja wa Makanyagio.

Nikachora ubaoni. Nilichora korodani kama yai, na ndani yake vijibomba vyembamba vilivyojikunjakunja, ambamo mbegu za kiume hutengenezwa. Fundi baiskeli aliyekaa dawati la mbele akasema ile ni tyubu iliyoingizwa vibaya kwenye tairi, na wenzake wakakubaliana naye. Ndipo mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka michache kabla, akanyoosha mkono.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa nilikuwa rika la binti yake. "Mwanaume ana ndevu, ana sauti nene, chumbani anafanya kazi yake. Mtoto hapatikani. Kasoro iko wapi?"

"Inawezekana iko kwenye mbegu zake, mzee."

"Mbegu ziwe na kasoro na ndevu zipo?"

Darasa zima likaguna kumuunga mkono. Nikaeleza kwamba ndani ya korodani kuna seli za aina mbalimbali, kwamba zinazoleta ndevu sizo zinazolea mbegu. Nikarudia. Nikaona macho yanaanza kutafuta dirisha. Nikaweka chaki chini.

"Tokeni nje wote. Tutaijenga."

Uwanjani nilichora kwa jembe mistari miwili mirefu: hicho ndicho kijibomba. Watu wanane niliwasimamisha ndani ya mistari, mabega yamegusana, mikono imeshikana. Hao ndio seli walezi. Mmoja wao alikuwa kamanda wa sungusungu, mtu wa kifua kipana. Nikawaambia kwamba mbegu changa huanzia nyuma yao, ukutani, na wao huipitisha katikati yao kuelekea ndani huku wakiilisha, wakiisafisha na kula makombo yake.

"Na walinzi wa mwili, wale wanaoua vijidudu, msiwaruhusu kupita," nikasema. "Wakiiona mbegu inayokua watadhani ni mgeni, wataishambulia. Kwa hiyo mlango wa nyuma ufungwe kabla ya ule wa mbele kufunguliwa."

"Kama zizi la milango miwili," alisema kamanda, na tangu hapo hakutabasamu tena.

Katekista mmoja nilimpanga awe mbegu. Akakataa katakata. "Mimi nasomesha watu ubatizo, sista. Nikirudi parokiani nitasema nilikuwa nani?" Nikampa ndoo ya maji na kikombe, nikamsimamisha nje ya mistari. Yeye akawa seli za huko nje, zinazokaa katikati ya kijibomba na kijibomba, na maji yake yakawa homoni ya kiume. Sehemu ya homoni huenda mwilini ikaleta ndevu na sauti. Sehemu huwanywesha walezi, maana bila hiyo walezi hawawezi kuikuza mbegu. Akina mama wanne waliunga khanga zao, wakauzunguka mstari wa nje. Wao walikuwa seli zinazobana kijibomba taratibu ili mbegu isogee, kwa sababu ikitoka kwa walezi bado haijui kuogelea. Fundi baiskeli akakubali kuwa mbegu bila masharti yoyote.

Tulianza vizuri. Katekista ananywesha, walezi wanapitisha, akina mama wanabana na kuachia. Fundi alikuwa amefika katikati ya kamanda na mwenzake alipotokea mtendaji wa kata, aliyekuja kukagua semina. Akanyoosha njia kuja kwangu, moja kwa moja kupitia kwenye mistari.

"Simama!" kamanda akanguruma. "Wewe ni mlinzi wa mwili."

"Mimi ni mtendaji wa kata."

"Humu ndani hawakujui. Utaua mbegu."

Mtendaji akaniangalia. Nikajaribu kumwambia kamanda kwamba mgeni anaweza kupita, tumesimamisha kazi. Hakunisikia. Mtendaji akazungukia upande wa pili. Walezi wote wanane wakageuka pamoja naye. Fundi akabanwa katikati, akapiga kelele kwamba yeye bado mchanga. Akina mama, kwa kusikia kelele, wakabana zaidi. Katekista aliweka ndoo chini ili asuluhishe, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, walezi wawili wakaachia mikono, wakaketi chini kudai maji.

Yule mzee mfugaji, ambaye sikumpa kazi, alikuwa amesimama pembeni akitazama yote haya bila kucheka.

"Mayu," alisema. "Huyu wa ndoo akiwa mzima, ndevu zitaota."

"Ndiyo."

"Hata hawa wanane wakilala."

"Hata wakilala, mzee."

Akavua kofia. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani mara tatu kwa kutozaa, na kila mara yeye mwenyewe alimpiga maneno, akamrejesha kwa mumewe na ng'ombe wa kuomba radhi juu.

Wiki iliyofuata alinifuata na baiskeli. Kufika kwa wakwe wa bintiye, nikakuta amekwisha kuwapanga: walezi ni mashemeji, na baba mkwe amepewa ndoo. Watu wazima wale waliijenga korodani mbele ya ng'ombe wao mara mbili, maana baba mkwe alidai mara ya kwanza kikombe kilikuwa kidogo. Mume mwenyewe, kijana mwenye sauti ya kutetemesha debe, alinivuta kando.

"Sista, nilipooa tu niliugua matubwitubwi. Yakashuka chini. Nilivimba wiki nzima."

"Mbona hukusema?"

"Yalipona."

Nikamwambia ugonjwa huo ukimpata mtu mzima unaweza kuharibu vile vijibomba na kuiacha sauti palepale, na kwamba waje hospitali wote wawili wapimwe. Walikuja. Mwanamke hakuonekana na tatizo. Mume alipimwa mara mbili, wiki kadhaa zikipita kati, na mtu wa maabara hakuona mbegu hata moja. Mzee aliniuliza kama walezi hawawezi kuongezwa. Nikamwambia mtu akishakuwa mtu mzima hawaongezeki. Akaomba maji ya kunywa.

Mume mwenyewe alikwenda kumwambia baba yake. Sikuwepo, lakini niliambiwa alilia, na kwamba baba alimshika mkono. Binti hakurudishwa tena. Baadaye walipewa mtoto wa dada wa mume wamlee, na mara ya mwisho nilipomwona yule binti alikuwa stesheni ya treni, mtoto amelala mgongoni, akigombana na mchukuzi aliyedai kuku wake hawana haki ya kukaa behewani.